Daftari, Jina na Amana: Maktaba ya Kompyuta katika Nchi ya Masasi na Newala

Programu ya kuendeshea maktaba ni daftari linaloulizwa likajibu. Ndani yake kila kitabu kina rekodi: mwandishi, kichwa, mchapaji, mwaka, lugha, mada, na namba inayoonyesha rafu kilipo. Daftari hilohilo hukumbuka nani ameazima, lini anatakiwa kurudisha, na ni nakala ngapi zimebaki. Kwa maana hiyo kazi yenyewe ni ya kale kuliko kompyuta, kwani wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Swali la dini na falsafa huanza pale daftari linapotaka kujazwa. Nani ana haki ya kukipa kitu jina, kukipangia mahali katika elimu ya wanadamu, kukionyesha kwa huyu na kukificha kwa yule, na mwisho kukitupa? Kompyuta haina jibu lake yenyewe. Hubeba jibu lililokwisha kutolewa na mtu, hulirudia mara elfu bila kuchoka, na mara nyingi mtu huyo aliishi mbali na hakuijua nchi ambako jibu lake lingetumika.

Nchi na karatasi zake

Mkoani Mtwara, Masasi iko chini, kati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo bonde la Ruvuma linaonekana kwa chini na Msumbiji ng'ambo yake. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera wamechanganyika humo, msikiti na kanisa ni majirani, na jando na unyago vimefundisha vizazi vingi kabla ya ubao na chaki kufika.

Maandishi nayo hayakuja jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa kwa ajili ya Afrika ya Kati, aliwaleta kutoka Unguja watumwa waliokombolewa, wakajenga makazi yao Masasi. Mwaka 1879 Chauncy Maples, padri wa misheni hiyo, alichapisha kitabu cha kujifunzia Kimakua. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni waliivamia Masasi, na kituo kikahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Mwaka uliofuata Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walianza kituo cha Ndanda, ambako baadaye kiwanda cha uchapaji kilitoa vitabu vya Kiswahili vya dini, vya shule na vya historia.

Sehemu kubwa ya karatasi hizo haiko tena karibu. Nyaraka za UMCA zinatunzwa Oxford. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alizunguka Masasi, Chingulungulu na Newala mwaka 1906, akaondoka na vinyago, picha na nyimbo zilizorekodiwa kwenye mitungi ya nta, na kitabu chake kikachapishwa Ujerumani mwaka 1908. Maktaba ya shule au ya parokia katika wilaya hizi inatunza kipande tu cha maktaba iliyotawanyika. Anayekitunza anaweza kukiunganisha na vipande vingine kwa msaada wa kompyuta. Akizembea, kilichobaki humpotea rafuni, macho yakiwa wazi.

Kuhusu vifaa, njia ilifunguka polepole. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kwa miaka mingi chombo cha mkutubi kilikuwa katalogi ya kadi, yaani kabati la droo ndogo zenye kadi zilizotobolewa chini na kupitishiwa fimbo ya chuma. Mwaka 1985 UNESCO ilitoa toleo la kompyuta ndogo la programu ya CDS/ISIS, ikaigawa bure kwa maktaba za nchi maskini. Mwaka 2000 maktaba za Horowhenua nchini New Zealand zilianza kutumia Koha, programu huria ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuitumia na kuibadilisha. Sasa iko katika vyuo vikuu kadhaa vya Tanzania. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, hasa ile ambayo mgeni huileta kwa wenyeji. Katika desturi ya Wamaori zawadi ya namna hiyo hufunga uhusiano, na anayeipokea hubaki na wajibu.

Stakabadhi na korosho

Jambo la kwanza la kifalsafa ni tofauti kati ya kitu na maandishi yanayokisimamia. Mkulima wa korosho wa kata ya Mnyambe, wilayani Newala, anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, hupeleka mzigo wake chama cha msingi, unapimwa kwenye mzani, unawekwa daraja, na yeye anarudi nyumbani na karatasi. Korosho iko ghalani, karatasi iko mfukoni, na mali bado ni yake hadi mnada upite. Mfumo mzima unasimama juu ya imani kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo: kilo zilezile, daraja lilelile, mwenye mali yuleyule. Mzani ukidanganya, stakabadhi inageuka uongo wenye muhuri.

Rekodi ya kitabu ni stakabadhi ya namna hiyo. Msomaji anayekaa mbele ya kioo cha kompyuta haoni kitabu. Anaona madai kuhusu kitabu: kwamba kipo, kinahusu jambo fulani, kimeandikwa na fulani. Zamani aliweza kutembea kati ya rafu, akavuta kitabu kwa rangi ya jalada, akakuta ambacho hakukitafuta. Kadiri maktaba inavyotegemea kompyuta ndivyo kisichoandikwa kinavyokuwa kama hakipo. Wanafalsafa wamebishana kwa karne nyingi kama kuwepo kwa kitu kunategemea kujulikana kwake. Katika maktaba mabishano hayo yana jibu la vitendo: kitabu kilichokosewa herufi moja ya jina kipo kwa mchwa, hakipo kwa msomaji.

Jina la kupewa na jina la kutoa

Dini mbili kubwa za nchi hii zote zinamweka mwanadamu wa kwanza katika kazi ya majina. Katika sura ya pili ya Mwanzo, wanyama wanaletwa mbele ya Adamu ili yeye awape majina, na kila alichokiita kikawa jina lake. Katika Sura ya Pili ya Kurani, aya ya 31, Adamu anafundishwa majina yote na Mola wake. Masimulizi hayo yanakaribiana, lakini kuna pengo la maana kati yao: upande mmoja jina linatoka kwa mwanadamu, upande wa pili mwanadamu analipokea. Kazi ya kuorodhesha vitabu inapitia pande zote mbili kila siku.

Upande wa kupokea ndio mwepesi. Kitabu kikiwa na namba ya kimataifa ya vitabu, ISBN, mkutubi anaichapa, na programu inakwenda kuuliza hifadhidata za maktaba kubwa, kwa mfano Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington. Baada ya sekunde chache rekodi inarudi ikiwa imekamilika, pamoja na mada na namba ya rafu. Kazi ya nusu saa imekwisha kwa dakika moja. Huo ni msaada wa kweli, na kuukataa kwa kiburi ni kupoteza muda wa wasomaji. Ila jina lililopokelewa linahitaji kukaguliwa na anayelipokea, kwa sababu aliyelitoa hakuwa Mola wa Adamu. Alikuwa mfanyakazi mwenye rundo la vitabu mezani, aliyeandika alichokielewa kutoka kwenye jalada.

Upande wa kutoa ndio mgumu, na ndio unaoonyesha maadili ya kazi. Mfano mmoja unatosha. Mezani kuna kijitabu cha kurasa arobaini na kitu. Jalada halipo. Pini mbili za katikati zimeota kutu na kuacha alama ya kahawia kwenye mikunjo ya karatasi. Ukurasa wa kwanza una kichwa cha habari kwa Kiswahili, na chini yake maneno yasemayo kimechapwa Ndanda. Hakuna mwaka, hakuna mwandishi, hakuna ISBN, kwani mfumo wa namba hizo ulianza kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1970. Kioo kinaonyesha nafasi tupu zikisubiri kujazwa, na nafasi ya mwaka inataka tarakimu nne.

Kanuni za uorodheshaji zina alama moja ndogo kwa ajili ya hali hii, nayo ni mabano ya mraba. Linaloandikwa ndani yake ni lile ambalo kitabu chenyewe hakikulisema, mkutubi amelikisia kwa ushahidi mwingine, na alama ya kuuliza huongezwa pale anapokisia kwa shaka. Alama hiyo ina ndani yake somo zima la falsafa ya maarifa, kwa kuwa inatenga kinachojulikana na kinachodhaniwa, na inamwachia msomaji uhuru wa kutokubali. Mkutubi anayechapa 1950 bila mabano ili nafasi isibaki tupu ametoa ushahidi asiokuwa nao. Rekodi yake ikinakiliwa na maktaba nyingine, na nyingine ikanakili kwa hiyo, baada ya muda kisio la mtu mmoja aliyechoka mchana linakuwa historia. Dini zote mbili zimekataza ushuhuda wa uongo, wala hazikuweka kiwango cha udogo ambacho chini yake uongo unaruhusiwa.

Nafasi ya mwandishi ina swali lake. Vitabu vya lugha na tafsiri za enzi ya misheni kwa kawaida vina jina la mmisionari peke yake, ilhali hakuna mgeni aliyejifunza Kimakua au Kiyao bila walimu. Palipo na barua, dibaji au kumbukumbu inayomtaja msaidizi, programu ina nafasi ya kumwandika mfasiri na mchangiaji. Kumwandika ni haki iliyochelewa. Pasipo na ushahidi, jina halibuniwi, ila maelezo mafupi yanaweza kusema kwamba waliotoa maneno ya kitabu hawakutajwa. Hata kutokuwepo kwa jina ni habari inayostahili kuandikwa.

Mahali pa kila kitu

Mwaka uleule wa 1876 ambao makazi ya Masasi yalianza, mkutubi kijana wa Amherst nchini Marekani, Melvil Dewey, alichapisha kijitabu cha kurasa 44 kilichogawa elimu yote katika makundi kumi, kila kundi katika mengine kumi, na hayo katika kumi tena. Namba hizo zimeenea duniani kote, na zimo katika maktaba nyingi za Tanzania. Mpango wa Dewey ni wa kihesabu, lakini chini ya hesabu kuna theolojia. Namba 200 hadi 299 ni za dini. Kuanzia 220 hadi 289 zote zimepewa Biblia na Ukristo. Uislamu umepata 297. Dini za asili za Afrika ziko ndani ya 299, pamoja na nyingine zilizobaki. Katika mji ambao adhana na kengele husikika asubuhi ileile, rafu inasema dini moja ni nyumba na nyingine ni chumba cha uani.

Ugumu unaonekana vizuri zaidi katika simulizi moja. Wamakonde wana hadithi ya asili yao, ambayo Weule aliiandika akiwa uwandani. Palikuwa na mtu aliyeishi porini peke yake, hanyoi wala haogi. Akachonga mti mfano wa mwanamke, na sanamu ikawa hai, ikawa mkewe. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu walipokuwa karibu na mto Ruvuma. Walihama, na wa pili akazaliwa mfu. Walipopanda juu, Mahuta, wa tatu akaishi, na ndiyo sababu ya wazao wao kuambiwa wakae uwandani, mbali na mabonde. Simulizi hii inaeleza mtu alivyoumbwa na watu wake wakae wapi. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza mambo ya namna hiyohiyo, na namba yake ni 222. Simulizi ya Wamakonde hupelekwa kwa urahisi 398, kwenye ngano, karibu na sungura na fisi.

Mkutubi hakulazimishwa kufanya hivyo, kwa kuwa 299.6 ipo kwa ajili ya dini zilizoanzia kwa watu weusi wa Afrika. Akichagua 398 anasema hii ni hadithi, akichagua 299.6 anasema hii ilikuwa imani ya watu. Kuchagua namba ya pili hakumtaki aamini kwamba mti uligeuka mwanamke, kama vile kumpa Mwislamu namba 222 ya kutafutia Mwanzo hakumfanyi Mkristo. Kunamtaka akubali jambo dogo zaidi lakini zito: kwamba imani ya mtu inawekwa mahali pa imani, hata na asiyeishiriki.

Mfano wa pili umetoka Masasi yenyewe. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alijulikana kwa kuingiza jando ndani ya Kanisa. Vijana walitahiriwa na kufundwa kama desturi ilivyotaka, lakini sala na mafundisho ya Kikristo yakachukua nafasi ya yale yaliyoonekana kupingana na imani. Maandishi kuhusu jando hilo yawekwe wapi? Namba 265 ni ya sakramenti na ibada za Kikristo, na 392 ni ya desturi za maisha, pamoja na za kubalehe. Mkutubi mmoja atasema limekuwa ibada ya Kanisa, mwingine atasema ni jando lilelile lililovaa kanzu. Mabishano ya wamisionari ya miaka ya 1920 yamerudi, safari hii kama nafasi tupu kwenye kioo. Kitabu kina mwili mmoja, kinakaa rafu moja. Hapo ndipo programu inapoipita rafu ya mbao, kwani rekodi moja inaruhusu mada nyingi. Kitabu kikae 265, na anayetafuta jando, tohara, Uanglikana au historia ya Masasi akifikie kwa mlango wake.

Mpango wenyewe si msahafu. Dewey anaruhusu maktaba kuipa nafasi pana dini inayoihitaji, na mfumo mwingine wa uainishaji, UDC, ulipangwa upya mwaka 2000 ili dini zote zipewe mpangilio wa usawa. Kuacha mambo kama yalivyokuja ni uamuzi pia, na mwenye kuamua ni aliyeko hapa.

Msimbo wa lugha

Programu hutambua lugha ya kitabu kwa msimbo wa herufi tatu. Kiswahili ni swa. Kiyao kina msimbo wake, yao. Kimakonde hakimo katika orodha ya misimbo inayotumiwa na rekodi nyingi za maktaba. Humo kimetupwa katika bnt, fungu la pamoja la lugha za Kibantu zilizosalia, pamoja na Kimakua na Kimwera. Msomaji akiiambia kompyuta imletee vitabu vya Kimakonde kwa njia hiyo, italeta mchanganyiko au haitaleta kitu. Orodha pana zaidi ya kimataifa, ISO 639-3, iliyotolewa mwaka 2007, imekipa Kimakonde kde, Kimwera mwe na Kimakua vmw, na rekodi ya maktaba inaruhusiwa kuandika misimbo hiyo pale mkutubi anapoonyesha ametumia orodha ipi. Ni vibonyezo vichache vya ziada, na lugha nzima imetoka katika fungu la masalia.

Majina ya watu na makabila yanafuata mantiki hiyohiyo. Maandishi ya UMCA yanawataja Magwangwara mahali ambapo msomaji wa leo atatafuta Wangoni. Vinyago vya kufunika uso katika ngoma za jando wengine huviita mapiko, wengine midimu. Programu nzuri ina orodha ya majina yanayokubaliwa, na kila jina mbadala linaelekezwa kwa lile lililochaguliwa. Jina la zamani halifutwi, kwa sababu ndilo lililomo kitabuni. Linawekwa kama njia ya kufika kwenye jina ambalo wenyewe wanajiita.

Siri na miiko

Desturi ya sasa ya maktaba inaamini kwamba elimu ni ya wote na kuificha ni dhuluma. Mwaka 1931 mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan aliweka kanuni tano za ukutubi, na mojawapo inasema kila kitabu kina msomaji wake. Imani hiyo imeleta mema mengi. Lakini jando na unyago vimejengwa juu ya imani nyingine, kwamba elimu ina wakati wake, ina mtu wake, na mtu huandaliwa kwanza ndipo akaambiwa. Mafundisho ya kungwi kwa wari hayatolewi njiani, na aliyefundwa huapa kutoyatoa. Kwa mtazamo huu kujua kabla ya wakati kunamharibu anayejua na kukipunguzia thamani kinachojulikana.

Mgongano huo si wa kufikirika. Lyndon Harries, padri wa UMCA aliyefanya kazi dayosisi ya Masasi na baadaye akawa mwanazuoni wa Kiswahili, alichapisha mwaka 1944 utafiti wake juu ya jando na unyago wa Wamakonde. Kilichosemwa kambini, mbali na nyumba, sasa kiko kwenye karatasi, na kikichanganuliwa kwa mashine kinaweza kusomwa na mtoto wa miaka minane mwenye simu ya mzazi wake. Kukichoma kitabu hakufuti kilichochapwa, na kungewanyima Wamakonde wenyewe ushahidi wa mambo ambayo huenda hayafanyiki tena. Kukiweka wazi kwa kila mtu kunavunja kiapo cha watu ambao hawakuulizwa.

Kati ya hayo mawili kuna njia iliyokwisha kujaribiwa. Nchini Australia, Wawarumungu wa Tennant Creek walishirikiana na wataalamu kuunda programu iitwayo Mukurtu. Ndani yake jamii yenyewe huamua picha hii waione wanawake peke yao, wimbo huu wausikie waliopitia ibada fulani, na habari hii iwe wazi kwa wote. Hata Koha inaweza kuificha rekodi isionekane kwa umma. Mashine, basi, inaweza kubeba miiko ikiambiwa miiko ni ipi. Haiwezi kuijua yenyewe, na mkutubi pia hawezi kuiamua peke yake. Hapo kazi ya kompyuta inamrudisha barazani, kwa makungwi na mangariba, kwa wazee wa msikiti na wa kanisa, aulize nani aruhusiwe nini. Wakitofautiana, na watatofautiana, tofauti yenyewe iandikwe.

Kuna siri nyingine iliyo ndogo kwa umbo, nayo ni ya msomaji. Programu inakumbuka nani aliazima nini. Katika mji ambao watu wanajuana kwa ukoo, orodha hiyo inaweza kusema nani anasoma kuhusu UKIMWI, mwanafunzi yupi wa Kikristo ameazima tafsiri ya Kurani, na mke wa nani anasoma sheria ya talaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu juu ya kila anayekusanya habari za watu. Koha ina njia ya kufuta jina la aliyeazima mara kitabu kinaporudi. Kuitumia njia hiyo ni kutii sheria, na kabla ya sheria ni kumsitiri mtu, tendo ambalo mila, Biblia na Kurani hazijagombana juu yake.

Palizi

Kila maktaba hupunguza vitabu, kwa kuwa rafu zina mwisho. Zamani mkutubi alipita akitoa vilivyochakaa. Sasa programu humpa orodha ya vitabu vyote visivyoazimwa kwa miaka mitano, na hapo kishawishi ni kuichukulia orodha kama hukumu. Mkulima hafanyi palizi kwa kuhesabu, hutazama mche. Mkorosho mchanga hautoi kitu kwa miaka ya mwanzo, na aliyeung'oa kwa sababu hiyo amekata chakula chake. Kitabu kisichoazimwa kinaweza kuwa kimepitwa na wakati, na kitabu cha kompyuta cha mwaka 1995 hakina wa kukililia. Kinaweza pia kuwa kimekosewa namba kikasahaulika, au ni nakala pekee ya chapa ya Ndanda iliyobaki wilayani. Takwimu inaonyesha kwamba hakikuguswa, lakini kuuliza kwa nini hakikuguswa ni kazi ya mtu.

Utunzaji wa rekodi zenyewe unastahili uangalizi huohuo. Mchwa hawali faili, lakini kompyuta moja iliyopigwa na radi ya masika inaweza kuondoka na kazi ya miaka kumi usiku mmoja. Nakala ya akiba hutunzwa nje ya jengo, na daftari la karatasi la kupokelea vitabu halitupwi siku kompyuta inapoingia.

Amana

Neno linalokusanya yote haya Kiswahili kinalo tayari. Amana, imani na amini vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na lugha imeweka ndani ya mzizi huo fundisho zima: anayepewa kitu cha mwingine akitunze ameaminiwa, na uaminifu wake ni sehemu ya imani. Kurani, Sura ya Nne, aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wanaostahili. Injili ya Mathayo, sura ya 25, ina mfano wa mtumwa aliyeichimbia talanta ardhini akairudisha kamili, na bado akalaumiwa. Mafundisho hayo mawili yakiwekwa pamoja yanampa mkutubi mipaka miwili ya kazi yake. Asiipoteze mali ya watu, na pia asiizike. Kitabu kilichofungiwa kabatini ili kisiibiwe kimezikwa. Kitabu kilichoorodheshwa kwa maneno ya mada ambayo hakuna mwenyeji anayeyatumia kimezikwa vilevile, japo rekodi yake inasomeka hadi Washington.

Ghala la korosho hupimwa kwa jambo moja: mwenye stakabadhi akija, anapata haki yake au hapati? Maktaba nayo ina kipimo hicho. Mtu atoke Mnyambe, akae mbele ya kompyuta, aandike mapiko, au midimu, au Chimakonde, kwa tahajia anayoijua yeye. Ikiwa kitabu kiko rafuni na kioo kinamjibu hakuna kilichopatikana, amana imevunjwa, hata kama programu haijazimika siku moja.